Ukomo wa Muhula na Sera ya Nje ya Burundi, 2015–2020: Mtazamo Kutoka Mkoa wa Kigoma

1.0 Utangulizi

Mwandiga, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ndiko inakoanzia barabara ya kwenda Manyovu, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi. Kiha kinachosemwa katika eneo hili kinakaribiana sana na Kirundi, kiasi kwamba wasemaji wa lugha hizo huelewana. Kwa hiyo, misukosuko ya Bujumbura haichukuliwi huko kuwa habari za mbali. Makala hii inaeleza jinsi suala la ukomo wa muhula wa Rais Pierre Nkurunziza lilivyogeuka kuwa mhimili wa sera ya nje ya Burundi, na jinsi gharama yake ilivyowaangukia wakimbizi na majirani.

2.0 Chimbuko la Mgogoro

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ambao usuluhishi wake uliongozwa na Mwalimu Julius Nyerere na baadaye Nelson Mandela, ulielekeza kuwa rais asitumikie zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005 ilizingatia ukomo huo, lakini Kifungu cha 302 kiliruhusu rais wa kwanza achaguliwe na Bunge na Seneti. Hapo ndipo palipozuka tafsiri mbili. Wapinzani walishikilia kuwa Nkurunziza, aliyeingia madarakani 2005 na kuchaguliwa tena 2010, alikuwa amemaliza mihula yake. Chama chake, CNDD-FDD, kilidai kuwa muhula wa kwanza haukutokana na kura ya wananchi, hivyo hauhesabiki.

Chama kilimteua tarehe 25 Aprili 2015, na maandamano yakaanza siku iliyofuata. Mwezi Mei Mahakama ya Katiba iliafiki tafsiri ya chama. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua, lakini jaribio hilo lilishindwa.

3.0 Siasa ya Ndani Inapovuka Mpaka

Tangu hapo, uhusiano wa Burundi na dunia ulipimwa kwa kigezo cha muhula. Umoja wa Afrika ulipopendekeza kikosi cha askari 5,000 Desemba 2015, serikali ilikiita uvamizi, na mpango huo ukaachwa. Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali Machi 2016. Oktoba 2017, Burundi ikawa nchi ya kwanza kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Ulinganisho na Urusi unasaidia hapa. Marekebisho ya katiba ya Urusi ya 2020 yalimfungulia Vladimir Putin njia ya kubaki madarakani hadi 2036. Kura ya maoni ya Burundi ya Mei 2018 ingeweza kumfikisha Nkurunziza 2034. Hata hivyo, Urusi ina mafuta, gesi na kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Burundi ilitegemea misaada, hivyo lugha ileile ya kulinda mamlaka ya dola iliigharimu zaidi.

4.0 Kigoma na Utata wa Nafasi ya Tanzania

Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikusanyika Kagunga, kijiji cha mwambao ambacho wakati huo hakikufikika kwa barabara, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba iliwasafirisha hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Baadaye kambi za Nduta na Mtendeli nazo ziliwapokea wengine.

Tanzania ilikuwa mlezi wa Mkataba wa Arusha, na Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa mwezeshaji wa mazungumzo tangu 2016. Lakini Julai 2017, huko Ngara, Rais John Magufuli na Nkurunziza waliwahimiza wakimbizi warejee. Kwa mwenyeji, marejeo yangepunguza mzigo. Kwa Nkurunziza, yangethibitisha kuwa nchi imetulia. Uamuzi wa mkimbizi kurudi au kubaki ukawa hoja ya kidiplomasia.

5.0 Hitimisho

Nkurunziza alifariki Juni 2020, akarithiwa na Évariste Ndayishimiye wa chama hichohicho. Umoja wa Ulaya uliondoa vikwazo vyake vya misaada Februari 2022, ilhali katiba ya 2018 ilikuwa bado ikitumika. Mfuatano huu unaonyesha kuwa mgogoro wa nje ulifungamana na mtu mmoja zaidi kuliko mfumo. Mfumo huo ndio waliouangalia wakimbizi waliobaki Nyarugusu na Nduta. Kwa hiyo, kurejea kwa uhusiano wa kidiplomasia hakutoshi kuwa kipimo cha usalama wa wanaotakiwa kurudi.