Kushusha Pumzi Baada ya Kupoteza Kazi: Je, ni Dhambi?

Tumfikirie mama mwenye watoto watatu, mhasibu kwa miaka tisa. Katika miaka miwili ya mwisho alitoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamekwisha kulala. Simu ya mkuu wake iliita hata Dominika, naye akiwa Kanisani. Usiku alishtuka usingizini akidhani amekosea hesabu. Siku moja akakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Alipanda daladala akiyangoja machozi, lakini badala yake akahisi kifua kimekuwa chepesi, na usiku ule akalala fofofo. Asubuhi aliamka na swali linalochoma: “Ada ya shule sina, kodi ya nyumba inakaribia, nami nimefurahi. Je, nimekuwa mvivu? Je, nimemkosea Mungu aliyenipa kazi ile?”

Swali hili linawasumbua wengi, ingawa wachache huthubutu kulitamka. Jirani anapotoa pole, ni vigumu kumwambia kwamba moyoni kuna nafuu. Basi, tuutazame mguso huo kwa mwanga wa mafundisho ya Kanisa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya; zinapata sifa ya kimaadili kadiri zinavyoshirikisha akili na utashi wetu. Mchukuzi anapotua gunia zito, hushusha pumzi kabla hajafikiri lolote. Pumzi ile haithibitishi kwamba anachukia kazi. Inathibitisha kwamba gunia lilikuwa zito. Hali kadhalika, nafuu ya mama yule si dhambi. Ni ushuhuda wa mwili na roho juu ya uzito uliobebwa kwa muda mrefu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo liliutambua uchovu wa kupindukia utokanao na msongo wa kazi usiodhibitiwa, likaueleza kuwa ni hali inayohusiana na mazingira ya kazi.

Hata hivyo, Kanisa halidharau kazi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kwa kazi mwanadamu anashiriki utendaji wa Muumba. Lakini katika waraka huohuo alikaza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Pale ambapo kazi inamnyima mtu usingizi, sala na uso wa watoto wake, utaratibu huo umepinduliwa.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika sura ya 5 ya Kitabu cha Kutoka, Farao anawanyima Waisraeli majani makavu, lakini anadai idadi ileile ya matofali. Na wanaposhindwa, anawaita wavivu. Wangapi miongoni mwetu wamefanya kazi ya namna hiyo! Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inapoamuru Sabato, inataja sababu yake: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa. Kupumzika ni alama ya mtu huru.

Lakini tusiishie hapo. Mwezi mmoja hivi baada ya kutoka Misri, watu walewale walivikumbuka vyungu vya nyama na kunung’unika. Nafuu ya siku za kwanza haidumu. Baada yake huja hofu, aibu, na wakati mwingine hasira. Katekisimu, namba 2436, inakiri kwamba kukosa ajira karibu daima hujeruhi hadhi ya mtu na kutishia uwiano wa maisha yake. Kwa hiyo nafuu na huzuni vinaweza kukaa katika moyo mmoja, na mwenye moyo huo si mnafiki.

Tufanye nini basi? Nabii Eliya alipochoka hata kuomba kufa, katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye tu, mlimani Horebu, alimuuliza anafanya nini pale, akampa utume mpya. Utaratibu huo utufae nasi: kwanza pumziko, kisha swali, kisha safari.

Anayepumzika asimfiche mwenzi wake. Wapo wanaoaga kila asubuhi kana kwamba wanakwenda kazini. Siri hiyo huibomoa nyumba kuliko ukosefu wa mshahara. Tena asizembee haki zake. Kwa Tanzania Bara, mfanyakazi anayeamini kwamba ameachishwa isivyo halali anapaswa kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Adai cheti chake cha utumishi, na aulize kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii masharti ya fao la kukosa ajira. Kudai haki bila chuki si kukosa unyenyekevu.

Kisha aichunguze dhamiri yake kwa ukweli. Je, kazi yenyewe ilikuwa kandamizi, au mimi nilishindwa kusema “hapana”? Je, nafurahia kupumzika, au nafurahia kuona ofisi ile ikianguka? Chuki na uzembe tuvipeleke katika Sakramenti ya Upatanisho. Uchovu tumpelekee Yesu, anayewaita wote wenye kulemewa na mizigo. Na usingizi ukikataa, au tumaini likizimika, tumwone daktari mapema.

Nasi wanajumuiya tuna wajibu. Tunapomtembelea aliyepoteza kazi, tusimsukume kulia wala kucheka. Tumsikilize; na kilo chache za unga zitangulie mawaidha.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu ya tarehe 1 Mei mwaka 1955, aliilisha Familia Takatifu kwa jasho lake. Naye aliwahi kuiacha nchi yake usiku, akakimbilia Misri pamoja na Mtoto na Mama yake, bila kujua kesho itakuwaje. Awaombee wote wanaotafuta kazi, ili wapate ile inayolisha nyumba pasipo kuimeza.