Mhalifu wa Ng'ambo Hana Njia Pasipo Mwenyeji

Kila zinapovuma habari mjini Kigoma kuwa wavuvi wamevamiwa ziwani usiku, mashine ya boti yao ikang'olewa, nyavu zikachukuliwa na wenyewe wakaachwa wakielea hadi asubuhi, swali la kwanza linaloulizwa barazani huwa ni hili: wametoka wapi? Na jibu huwa limekwisha tayarishwa kabla polisi hawajaandika maelezo: wametoka ng'ambo. Swali la pili, ambalo kwa hakika ndilo zito zaidi, huulizwa kwa nadra: walipofika huku, walipokewa na nani?

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kulitazama swali hilo la pili. Si kwa kulipuuza la kwanza, kwani mwenye kulinda nyumba hana budi kujua mlango ulipo. Lakini mlango haufunguki wenyewe; upo mkono unaouondolea komeo kwa ndani.

Hofu yenye sababu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na upana wa wastani wa kilometa 50 hivi, na linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Mpaka wetu na Kongo umepita katikati ya maji, pasipo ukuta wala waya. Boti yenye mashine huvuka toka ufukwe hadi ufukwe kwa saa chache. Kaskazini, mpaka wetu na Burundi unapita katika milima na mashamba ambako njia za miguu ni nyingi kuliko vituo vya forodha. Kwa njia hizo hupita unga, mawese, vitenge na dagaa. Hupita maharusi na wagonjwa. Na kwa masikitiko makubwa, hupita pia bunduki.

Bunduki hizo zina historia yake. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa mwezi Oktoba 1993, na vita vilivyofuata vilidumu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1996 moto ukawaka mashariki ya Kongo, na mwaka 1998 ukawaka upya. Ilipofika mwaka 2000, Tanzania ilikuwa inawahifadhi wakimbizi zaidi ya nusu milioni, wengi wao katika mikoa ya Kigoma na Kagera. Nchi zilizotuzunguka zilikuwa zimejaa silaha, na silaha iliyokosa vita hutafuta kazi nyingine. Katika miaka hiyo abiria wa mabasi ya Kigoma, Kasulu na Kibondo walizoea kusafiri chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki, kwa kuwa majambazi waliteka magari katika misitu ya njiani. Ukubwa wa tatizo ulikubaliwa hata na serikali za ukanda huu, zilizotoa Azimio la Nairobi mwezi Machi 2000, kisha zikatia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, yote mawili yakihusu udhibiti wa silaha ndogo ndogo.

Kwa hiyo mwenye kusema kuwa hofu ya watu wa Kigoma ni ya kubuni, huyo hajapata kulala Kibirizi akimsubiri mwanawe aliyekwenda kuvua.

Mkono wa upande huu

Hata hivyo, hofu yenye sababu yaweza kutazama upande usio wake. Mwezi Novemba 2009, kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakifuatilia vikwazo vya silaha mashariki ya Kongo liliwasilisha ripoti yake katika Baraza la Usalama. Pamoja na mengine mengi, ripoti ile ilieleza habari za mtandao wa watu waliokuwa Tanzania, na kuutaja mji wa Kigoma, uliosaidia kuwafikishia silaha waasi wa FDLR kwa kuvuka Ziwa Tanganyika.

Tuutafakari mwelekeo wa safari hiyo. Silaha zilizoelezwa humo hazikuwa zikija kwetu kutoka ng'ambo. Zilikuwa zikitoka kwetu kwenda ng'ambo. Mama wa Kongo aliyekimbizwa kijijini kwake na bunduki ya namna hiyo, akiulizwa uhalifu umetoka wapi, atanyoosha kidole kuelekea mashariki, yaani kuelekea kwetu.

Wala si jambo jipya katika ufukwe huu. Katika karne ya 19, Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Bunduki na baruti za pwani zilipita hapa, zikavuka ziwa kwenda Manyema, na kule zikarudisha pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Mwezi Julai 1871, wafanyabiashara wenye bunduki waliufyatulia risasi umati wa watu waliokuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na mamia wakapoteza maisha, wengi wao wanawake. Daktari David Livingstone aliyashuhudia hayo kwa macho yake, akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na huko ndiko Henry Stanley alikomkuta miezi michache baadaye. Watalii huonyeshwa mahali walipokutana wawili hao. Sisi wenyeji tunapaswa kukumbuka pia habari aliyokuja nayo yule mzee: kwamba kwa watu wa Nyangwe, ng'ambo kulikotoka hatari kulikuwa huku.

Na wengi wa wakazi wa Ujiji ya leo ni wajukuu wa waliovuka ziwa zama zile, wakiwa watumwa, wapagazi au wafanyabiashara. Wengi wetu tuna babu wa ng'ambo. Wanaotutishia ni wahalifu, na wahalifu wana makabila yote na pasipoti zote.

Nani hununua mashine ile?

Tuchukue mfano wa mashine ya boti iliyoporwa. Jambazi hawezi kuila wala kuivaa. Lazima kwanza awepo aliyempasha habari kuwa boti ya fulani imefungwa mashine mpya. Awepo mwenye nyumba ya kuificha kwa siku mbili tatu. Awepo fundi wa kufuta namba zake. Na mwisho awepo mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mtu mwenye heshima zake, anayejua vyema kuwa bei aliyotajiwa si bei ya mashine ya halali, akanyamaza na kutoa fedha. Ukimwondoa mmoja kati ya hawa wanne, biashara ile hulegea. Ukiwaondoa wote, mvamizi hana sababu ya kuvuka maji.

Ni hivyo hivyo kwa bunduki inayofukiwa shambani, na kwa wanaopewa hifadhi usiku kwa malipo bila kuulizwa majina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na maneno yao hayajachakaa.

Katika dini yetu jambo hili halikuachwa wazi. Wanazuoni wa fiqhi wameuita uporaji wa njiani kwa nguvu ya silaha kwa jina la hiraba, na wakauhesabu miongoni mwa makosa mazito kabisa, kwa kuwa unaondoa amani ya wapita njia wote. Lakini pamoja na mporaji mwenyewe, ipo hadithi iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) na kuthibitishwa na Imamu Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amemtaja miongoni mwa waliolaaniwa yule anayempa hifadhi mtenda uovu. Tuizingatie adhabu hiyo. Hakutajwa aliyevamia peke yake. Ametajwa na aliyemfungulia mlango, akamtandikia mkeka. Basi baba anayepokea fedha ya mwanawe bila kuuliza ilikotoka, na mama anayeuona mzigo uvunguni akaufunika kwa kanga, wajihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa.

Dhuluma ya upande wa pili

Ipo dhuluma nyingine inayozaliwa na hofu hii, nayo ni kumhukumu mtu kwa asili yake. Mwezi Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kwa lengo la kuwaondoa wahamiaji haramu na kukomesha ujambazi wa kutumia silaha. Lengo la kulinda raia lilikuwa la haki. Lakini yalisikika pia malalamiko ya watu waliotolewa katika nyumba walizoishi kwa makumi ya miaka, na ya familia zilizotengana, mume akabaki upande huu na mke akajikuta upande wa pili na watoto. Na yapo malalamiko ya muda mrefu ya wakazi wa Kigoma kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa sababu ya lafudhi, jina au sura.

Aghalabu mlango wa dhuluma hiyo hufunguliwa na majirani. Ugomvi wa kiwanja unageuka kuwa tuhuma ya "yule ni Mrundi". Deni lisilolipwa linageuka kuwa "yule ni Mkongo, ana bunduki". Qur'ani, katika Sura ya Hujurat, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua tukaja kujuta.

Tukumbuke kuwa Waislamu wa mwanzo wenyewe walipata kuwa wakimbizi. Walipovuka bahari kwenda Uhabeshi, Makuraishi walituma wajumbe wenye zawadi kumshawishi mfalme Najashi awarudishe, wakiwataja kuwa ni vijana wapumbavu walioleta fitina. Najashi hakukataa kusikiliza tuhuma, wala hakuzikubali kwa kuwa zimeletwa na wakubwa. Aliwaita watuhumiwa, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, kisha ndipo akahukumu. Hakuwarudisha. Huo ndio usalama wenye uadilifu: kupeleleza, kusikiliza pande zote, na kumshika mwenye kosa kwa kosa lake.

Watu wa Kigoma nao wana sifa yao katika mlango huu. Mwezi Mei 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, makumi ya maelfu ya watu walimiminika katika kijiji kidogo cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Hadi kufikia tarehe 22 ya mwezi huo, vifo 31 vilikuwa vimeripotiwa, 29 vya wakimbizi na viwili vya Watanzania. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikwenda na kurudi ikiwabeba watu hao hadi Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Wazee, wajawazito na watoto wachanga walikuwamo katika safari zile. Aliyewaona wakiteremka gatini hawezi kusema kwa ulimi mwepesi kuwa mkimbizi na jambazi ni mtu mmoja.

Wajibu wa kila nyumba

Yapo basi mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwenye boti aisajili, na atunze risiti na namba ya mashine yake, ili ikiibwa itambulike. Mnunuzi adai risiti. Asipopewa, aache, hata kama bei inavutia. Anayepata mgeni wa kulala ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji akaandikishwe. Kumwandikisha mgeni hakuvunji ukarimu, bali kunamlinda mgeni mwenyewe. Mwenye silaha isiyo halali aisalimishe: serikali imepata kutoa msamaha wa namna hiyo, na mwaka 2023 ulitangazwa kwa miezi ya Septemba na Oktoba.

Kwa upande wa familia zilizooana kuvuka mpaka, nikaha isiishie msikitini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia, wala haimpi nafasi hiyo mwanamume wa kigeni kwa sababu ya ndoa peke yake. Mzazi anayemwoza binti yake ayajue hayo kabla ya siku ya harusi, na kila mtoto akatiwe cheti cha kuzaliwa mapema. Karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yake siku atakapoulizwa babu yake alitoka wapi.

Na masheikh na maimamu wa Ujiji, Kigoma na vijiji vya ufukweni wanaombwa kulisema jambo hili juu ya mimbari: kwamba mali ya wizi ni haramu hata ikivushwa maji, na kwamba kumsingizia jirani ni haramu hata akiwa mgeni.

Askari wa mpakani wana kazi yao, nasi tuwasaidie. Lakini ziwa lenye urefu wa kilometa 670 haliwezi kuwekewa askari kila hatua. Kila nyumba, hata hivyo, ina mlango, na kila mlango una mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwafungulia waliodhulumiwa, na kuwafungia wenye kudhulumu. Amin.