Kazi ya Mwandishi wa Habari

Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Lupaso, Masasi. Alisoma Kiingereza katika Chuo cha Makerere, Uganda, akamaliza mwaka 1962. Mwaka 1966 akawa mhariri wa magazeti mawili: The Nationalist, lililoandikwa kwa Kiingereza, na Uhuru, la Kiswahili. Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa Rais wa Tanzania.

Kujua lugha kunasaidia, lakini hakutoshi. Mwandishi wa habari huuliza: Nani? Nini? Wapi? Lini? Kwa nini? Kisha humwuliza mtu wa pili, ndipo aandike.

Tuseme maneno yanaenea sokoni Mbinga kwamba bei ya kahawa imeshuka. Mwandishi akiyaandika bila kuuliza chama cha ushirika, mkulima wa Kitura atauza haraka kwa bei ndogo. Jasho la mwaka mzima litapotea. Huenda aliyeanzisha maneno hayo ni mnunuzi mwenyewe!

Sisi wasomaji nasi tuulize: Nani amesema? Amejuaje?

Zoezi: Andika habari moja ya kijiji chako kwa sentensi tano. Jibu maswali yote matano.