Kwa nini mhandisi hodari wa programu hupata shida akiwa meneja?

Katika kampuni nyingi za teknolojia, anayeandika programu za kompyuta vizuri kuliko wenzake ndiye anayepandishwa cheo kuwa meneja. Lakini kazi anayokabidhiwa si ile aliyoizoea. Asipoandaliwa, kampuni hupoteza mhandisi mzuri na kupata msimamizi dhaifu.

Je, wahandisi wanahitaji meneja?

Google iliwahi kujiuliza swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni hiyo ya Marekani ilijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi. Jaribio halikudumu. Wafanyakazi walianza kumwendea mwanzilishi mwenza, Larry Page, hata kwa masuala ya kurudishiwa gharama na migogoro baina yao.

Baadaye kampuni ilichambua tathmini za kazi na maoni ya wafanyakazi katika utafiti ulioitwa Project Oxygen. Zilipatikana tabia 8 za meneja bora. Ya kwanza ni kuwa mlezi mzuri wa walio chini yake. Ujuzi wa kiufundi ulikuwamo, ila katika nafasi ya mwisho.

Timu inapokua

Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Wakifika 10, njia hizo huwa 45. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapya lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale waliolemewa na kazi.

Hapo ndipo meneja mpya hukwama. Sehemu ngumu huzifanya mwenyewe kwa sababu anazimaliza haraka. Punde kazi za wenzake zinarundikana zikimsubiri azikague, nao hawapati nafasi ya kujifunza.

Nini kifanyike?

Baadhi ya kampuni zina ngazi mbili za vyeo: moja ya uongozi, nyingine ya utaalamu. Mhandisi asiyependa kusimamia watu anaweza kupanda cheo na mshahara bila kuwa meneja.

Kwa anayechagua uongozi, kipimo kinabadilika. Haulizwi tena ameandika nini wiki hii, bali timu yake imeweza kufanya nini bila kumsubiri yeye.