Bunduki Yarudi Ghalani, Bisibisi Yashikwa

Siku askari anaporudisha bunduki ghalani na kutia sahihi katika daftari kwa mara ya mwisho, hurudi nyumbani na mambo mawili: ahadi ya kiinua mgongo, na swali ambalo mkewe na watoto wake huona haya kumwuliza. Kesho tarumbeta isipolia, baba ataamkia kazi gani? Askari na polisi wengi hustaafu wakingali na nguvu za mwili, huku watoto wao wangali shuleni na karo ikidaiwa kila muhula. Pensheni husaidia, lakini peke yake haijazi kihenge.

Nchini Uganda, kama ilivyo katika nchi jirani, kompyuta zimeenea mbali na ofisi kubwa za Kampala. Zimo katika shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, na vibanda vya kuchapisha barua huko Gulu, Mbarara na Jinja. Kila iliko kompyuta kuna vumbi, joto na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo kila iliko kompyuta kuna kazi ya fundi. Hata hivyo, mstaafu akitamka kwamba anataka kujifunza kazi hiyo, majirani hucheka. "Hayo ni mambo ya vijana," husema. Usemi huo una chembe ya ukweli na debe la upotovu. Kijana huzoea mapema kutumia kompyuta, lakini kutumia si kutengeneza, kama vile kupanda basi si kuijua injini yake.

Nidhamu ya kitambaa

Kila aliyepita katika mafunzo ya kijeshi anakumbuka jinsi bunduki inavyofunguliwa. Kitambaa hutandazwa, kila kipande hulazwa kwa zamu yake, na wakati wa kuifunga, mkono huanza na kipande kilichotoka mwisho. Fundi wa kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kompyuta mpakato moja huweza kuwa na skurubu nyingi zinazofanana kwa macho lakini zinazotofautiana kwa urefu, na skurubu ndefu ikikazwa katika tundu la fupi huweza kuumiza bodi kuu na kuiua mashine nzima. Mwenye papara huzirundika kikombeni. Askari wa zamani huzipanga juu ya karatasi iliyochorwa umbo la mashine, kila moja mahali pake. Kawia ufike.

Upelelezi kabla ya hukumu

Polisi naye ana hazina yake. Mpelelezi mzuri hamkamati mtu wa kwanza anayemwona. Huuliza, hupima, na huondoa shaka moja baada ya nyingine. Kompyuta isiyowaka hutaka upelelezi wa namna hiyo hiyo. Swali la kwanza huelekezwa kwa mwenye mali: iliacha kufanya kazi lini, na baada ya jambo gani? La pili ni la umeme: je, soketi inao, waya ni mzima, na chaja inatoa volti zilizoandikwa juu yake, ambazo kwa kompyuta mpakato nyingi ni 19 hivi? Mita ya kupimia umeme hujibu kwa nusu dakika.

Ikiwa feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, mashine huzimwa na kutengwa na umeme, vipande vya kumbukumbu huchomolewa, ncha zake hupanguswa taratibu kwa raba safi, kisha hurudishwa kimoja kimoja. Ikiwa saa na tarehe hupotea kila mashine inapozimwa, huenda betri ndogo ya volti 3, iliyo mfano wa sarafu, imekwisha. Ikiwa mashine hujizima baada ya muda mfupi, mara nyingi vumbi limeziba feni, au dawa laini inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi bamba la kupozea imekauka. Maradhi mengi ya kila siku ni ya aina hii. Hayadai hisabati ya chuo kikuu. Yanadai subira na kumbukumbu iliyoandikwa daftarini.

Zipo hatari pia, na jamaa nzima yapasa kuzijua, maana mafundi wengi huanzia mezani nyumbani. Sanduku la kugeuza umeme lililomo ndani ya kompyuta ya mezani halifunguliwi na mwanafunzi hata likiwa limechomolewa, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua. Betri iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi, kwani huweza kushika moto; na watoto wasiachwe kuichezea. Tena, kabla ya kugusa bodi, mkono huligusa kwanza sanduku la chuma la mashine ili kuondoa umeme tuli wa mwilini, ambao mtu huenda asiuhisi ilhali unaharibu vipuri.

Cheo hakiingii karakanani

Umri una madai yake. Baada ya miaka 40 macho ya watu wengi huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Dawa yake ni miwani ya kusomea, taa njema na kioo cha kukuzia. Kulehemu vipuri vidogo kama punje za ulezi kunaweza kuachiwa mafundi wenye vifaa vyake, wala hakuna aibu.

Jaribu kubwa zaidi ni la moyo. Sajini aliyeamuru kikosi kizima sasa huketi kando ya kijana wa miaka 22 na kuambiwa, "Mzee, umekosea, fungua tena." Barabarani kijana humwita afande, mezani kijana ndiye afande. Asiyeweza kulimeza jambo hilo hatamaliza hata mwezi. Anayeliweza hupata mengi kwa muda mfupi, na kijana naye hufaidika, kwa maana jungu kuu halikosi ukoko: mzee hujua kumpokea mteja mwenye hasira, kufungua kazi saa iliyoahidiwa, na kuandika kila shilingi. Atakaye cheti naye anayo njia. Mtihani wa A+ wa shirika la CompTIA, ulioanza mwaka 1993 na unaojulikana katika nchi nyingi, una sehemu mbili, na hakuna anayezuiwa kwa sababu ya uzee.

Kiinua mgongo kisiwe kafara

Kosa linaloangamiza nyumba ni kukodi duka na kulijaza bidhaa kabla mkono haujajifunza. Mwenye busara huanza angali kazini, katika siku za likizo, wakati mshahara bado unaingia. Seti ya bisibisi, mita, brashi, kibano na diski ya nje ya kunakilia hutosha kwa mwanzo, na mashine mbovu zilizotupwa stoo ndizo shule. Duka lifuate wateja, wateja wasingojewe dukani.

Kazi nayo ipo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, ilhali kompyuta nyingi zilizo nzima hazitimizi masharti ya Windows 11. Fundi aliyejifunza mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na unaopatikana bila malipo, huweza kuipa mashine ya shule miaka mingine ya uhai badala ya kuipeleka jalalani.

Amana ya wateja

Mteja anapoacha kompyuta mezani, huacha pia barua zake, hesabu zake na picha za marehemu wake. Uganda inayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, lakini kabla ya sheria kuna dhamira. Faili zisizohusika hazifunguliwi. Nakala hufanywa kabla ya matengenezo, kwa idhini ya mwenyewe. Diski inayogongagonga haiwashwi tena na tena kwa majaribio; huzimwa, na mteja huambiwa kweli, hata ikiwa kweli hiyo itampeleka kwa fundi mwingine.

Hapo ndipo miaka ya utumishi inapolipa. Mjane aliyeleta kompyuta yenye picha za mumewe hamwulizi fundi ana umri gani. Hutazama jinsi anavyoandika jina lake katika daftari, anavyompa stakabadhi, na anavyoiweka mashine juu ya kitambaa safi. Akirudi siku iliyoahidiwa akazikuta picha zote, Jumapili atawasimulia wenzake kanisani, na Jumatatu asubuhi mzee atakuwa na kazi ya kuamkia.