Fahamu: Rumsfeld, Gilead na dawa ya Tamiflu

Kila yanapozuka maradhi ya mlipuko, jina la Donald Rumsfeld hurudi mitandaoni: eti waziri huyo wa zamani wa ulinzi wa Marekani alikuza hofu ya mafua ya ndege ili auze dawa. Kuna ukweli humo, na kuna chumvi.

Ukweli ni huu. Rumsfeld alikuwa mwenyekiti wa bodi ya kampuni ya dawa ya Gilead Sciences ya California tangu 1997 hadi Januari 2001, alipoingia serikalini. Gilead ndiyo iliyoiendeleza Tamiflu, dawa ya mafua, na mwaka 1996 ikaipa kampuni ya Roche ya Uswisi haki ya kuitengeneza na kuiuza. Kila boksi liliponunuliwa, Gilead ilipata mrabaha. Julai 2005 Pentagon, wizara ya Rumsfeld mwenyewe, iliagiza dawa hiyo ya dola milioni 58 kwa ajili ya askari. Wakati huo hisa zake za Gilead, kwa mujibu wa fomu yake ya mali, zilikuwa za kati ya dola milioni 5 na 25. George Shultz, waziri wa zamani wa mambo ya nje, naye alikuwa kwenye bodi ya Gilead.

Chumvi je? Rumsfeld alijitoa katika maamuzi yaliyoihusu Gilead, na haijathibitishwa kwamba alishinikiza ununuzi. Ila hisa hakuziuza, na bei ikapanda. Kwangu, hilo tu latosha kuwa kashfa.

Na dawa yenyewe? Uchambuzi wa 2014 wa shirika la utafiti wa afya la Cochrane ulionyesha kwamba kwa watu wazima ilifupisha dalili za mafua kutoka siku 7 hadi 6.3.