Hadhari ya Petroli: Funzo la Msamvu



Wakulima wa karafuu hatupo visiwani peke yetu. Katika milima ya Uluguru wako wenzetu wa Matombo na Kinole, walimao zao hili hili. Katika mji wao wa Morogoro lilitokea jambo ambalo yapasa kila mwenye chombo cha mashine alijue vyema.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu. Watu walikusanyika na madumu kuteka mafuta yaliyomwagika. Ghafla moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa, na Rais Magufuli akatangaza siku 3 za maombolezo.

Wengi hudhani petroli yenyewe ndiyo iwakayo. Sivyo, kiwakacho ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini bila kuonekana mpaka ukute cheche. Msamvu palikuwa nje, peupe. Basi fikirini ndani ya chombo, ambamo mvuke hushuka katika ngama na kutulia humo.

Kwa hiyo tunawashauri wanachama washike mambo haya:

1. Fungeni chombo gatini, zimeni mashine, iacheni ipoe. Abiria wote washuke. Sigara, taa ya moto na jiko viwe mbali.

2. Dumu au tangi la kuchukulika lishusheni, mlijaze likiwa juu ya ardhi. Mafuta yakipita katika mpira huzaa umeme, na cheche moja yatosha. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa tangi muda wote.

3. Msijaze pomoni. Petroli hutanuka kwa jua.

4. Yaliyomwagika yafuteni kwa kitambaa, na kitambaa kisiachwe chomboni. Fungueni vifuniko, upepo upite, kisha nuseni ngama kabla ya kuwasha mashine. Harufu ikiwapo, msiwashe.

Marubani wa ndege ndogo hufuata njia hiyo hiyo. Kabla ya kujaza, ndege huunganishwa kwa waya na gari la mafuta, ili umeme usirushe cheche. Kisha rubani hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, akayatazama kama yana maji. Huyo ni mtu mwenye ujuzi, naye hachoki kufanya hivyo. Nahodha wetu naye asione haya.

Neno la mwisho: mafuta yakimwagika, iwe gatini au barabarani, msiyakimbilie. Ondokeni kuelekea upepo utokako, muwaite zimamoto. Dumu la petroli hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.